Hesabu Si Mali ya Wachache

Msomaji mpenzi, liko neno moja linalosemwa katika nchi yetu asubuhi na jioni, nyumbani na shuleni, na wakubwa kwa wadogo. Neno lenyewe ni hili: "Mimi sina kichwa cha hesabu." Mzazi hulisema mbele ya mtoto wake bila haya. Mtoto hulipokea kama urithi, akalichukua mpaka darasani. Na huko, badala ya kukanushwa, hulikuta limekwisha kuandikwa katika ripoti kwa maneno mengine. Mtu asiyejua kusoma huificha hali yake kwa kuona aibu, lakini asiyejua hesabu huitangaza huku akicheka, kana kwamba amejisifu. Nia yangu katika insha hii ni kulipiga vita neno hilo. Nitaonyesha kwamba ni uongo, kwamba uongo huo huwafaa watu fulani, na kwamba dawa yake imekwisha kupatikana ila hainywewi.

Katika mwaka 2025 watu wa Kenya walibishana sana juu ya hesabu. Mtaala mpya ulipokaribia kufika sekondari ya juu, ilikuwa imependekezwa kwamba si lazima kila mwanafunzi aendelee na somo hilo. Wengi walipinga, na Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba hesabu ingebaki kuwa ya lazima, yaani hesabu kamili kwa wale wafuatao njia ya sayansi na ufundi, na hesabu ya mahitaji ya maisha kwa wengine. Upande mmoja ulishangilia, upande mwingine ukanung'unika. Mimi nasema kwamba pande zote mbili zilibishana juu ya mlango wa nyumba zikasahau kuuliza kama ndani mna chakula. Lazima haimfundishi mtu hesabu, wala hiari haimfundishi. Mtoto aliyelazimishwa kukaa mbele ya chungu kitupu hatashiba. Na aliyeruhusiwa kuondoka naye hatashiba. Swali kubwa kuliko hayo yote ni hili: hesabu hufundishwaje, na nani amechunguza kama ufundishaji huo unafaa?

Kwanza tuutazame uongo wenyewe. Kama ingekuwa kweli kwamba watu wengine huzaliwa bila akili ya hesabu, basi akili hiyo ingekosekana kila mahali waendapo, si darasani tu. Lakini mambo hayako hivyo. Katika mwaka 1985 wachunguzi watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitangaza habari za uchunguzi wao katika mji wa Recife, nchi ya Brazil. Waliwaendea watoto 5 waliokuwa wakichuuza nazi na bidhaa nyingine, wakajifanya wanunuzi, wakawauliza bei na chenji. Watoto walijibu sawasawa maswali 98 katika kila 100. Kisha watoto wale wale walipewa kalamu na karatasi, wakaulizwa hesabu zenye namba kama zile zile kwa namna ya shule. Walipata 37 tu katika kila 100. Je, akili zao zilikuwa zimeibwa njiani baina ya sokoni na mezani? La, akili zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sokoni kila namba ilikuwa na maana, na katika karatasi namba zilikuwa alama tupu za kufuatiwa kanuni iliyosahauliwa nusu.

Sikiliza jinsi mmoja wao alivyofikiri. Aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja kwa cruzeiro 35. Shuleni angeambiwa atie sifuri mwishoni, na basi. Yeye alianza na nazi 3, akapata 105. Akaongeza 3 nyingine, akapata 210. Akaongeza tena 3, zikawa 315. Akamaliza kwa ile moja iliyobaki, akasema 350. Njia hii ni ndefu, lakini ni njia ya mtu ajuaye anakokwenda. Wewe msomaji, ukienda Kongowea huko Mombasa, au Gikomba huko Nairobi, au Kibuye huko Kisumu, utamkuta mtoto wa rika lako arudishaye chenji bila kukosea hata shilingi moja. Kesho yake mtoto huyo huyo ataandikiwa alama nyekundu darasani, na ataamini kwamba hana kichwa. Wala hesabu si mgeni katika nchi zetu. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba 4 kwa pishi moja, na mwenye kupunja alijulikana mara moja, maana kila mnunuzi alijua kuhesabu.

Basi, uongo huo humfaa nani? Humfaa mzazi, kwa sababu humwondolea lawama. Humfaa mwanafunzi mvivu, kwa sababu humpa ruhusa ya kulala. Humfaa mwalimu asiyetaka kujisumbua, kwa sababu wakishindwa watu 40 katika darasa la 50 husema kwamba Mungu hakuwajalia. Na humfaa mkubwa mwenye kupanga mambo ya elimu, kwa sababu hahitaji kutoa fedha kwa ajili ya kitu ambacho maumbile yamekwisha kukikataa. Uongo wenye wateja wengi kiasi hicho haufi upesi. Lakini lazima ufe, kwa sababu gharama yake hulipwa na wewe.

Yuko atakayesema: "Kama si kichwa cha mtoto, basi ni nini?" Jibu langu ni kwamba ni maana. Hesabu ikifundishwa kwa kanuni bila sababu, ni nguo ya kuazima. Mwenyewe akija kuitaka, unabaki uchi. Chukua mfano wa kugawanya kwa sehemu. Umefundishwa kwamba ukigawanya 1¾ kwa ½ huna budi kuigeuza ile nusu juu chini, kisha uzidishe. Je, uliwahi kuambiwa kwa nini? Mwenye duka ana sukari kilo 1¾. Anataka kuifunga katika pakiti za nusu kilo. Atapata pakiti ngapi? Katika kila kilo zimo nusu 2. Basi katika kilo 1¾ zimo nusu 1¾ mara 2, nazo ni 3½. Atapata pakiti 3 kamili na nusu ya pakiti. Umeona sasa? Kugawanya kwa nusu ni kuuliza zimo nusu ngapi, na kwa kuwa kila kizima kina nusu 2, jawabu hupatikana kwa kuzidisha kwa 2. Kanuni ile haikuwa uganga. Ilikuwa akili ya muuza sukari iliyovikwa alama.

Swali hilo hilo la 1¾ kwa ½ limekwisha kuwa maarufu ulimwenguni. Liping Ma, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi katika China, alilitumia kupima walimu, na akatoa kitabu juu ya uchunguzi huo katika mwaka 1999. Aliwauliza walimu 23 wa Marekani na walimu 72 wa China. Wachina wote walipata jawabu. Kati ya Wamarekani, 9 tu ndio waliolifikisha mwisho sawasawa. Kisha akawaomba watunge hadithi inayofaa hesabu hiyo, kama ile yetu ya sukari. Karibu Wachina 9 katika kila 10 waliweza. Katika Wamarekani aliweza mmoja tu. Wengi walitunga hadithi ya kugawia watu wawili, wakasahau kwamba kugawia wawili ni kugawanya kwa 2, si kwa nusu. Na la ajabu zaidi ni kwamba Wamarekani hao walikuwa wamesoma miaka mingi kuliko Wachina! Walimu wa China hawakuupata ujuzi wao katika wingi wa vyeti. Waliupata kwa kuchungua vitabu vya kufundishia kwa makini, na kwa kuketi pamoja kila wakati kuzungumza juu ya masomo yao.

Hapa, msomaji, tumegusa mzizi wa jambo. Kufundisha hesabu ni ufundi, na ufundi wowote hukua kwa kutazamana. Fundi wa majahazi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, hakujifunza kazi yake peke yake katika chumba kilichofungwa. Alisimama karibu na fundi mwingine, akamwona anavyopima ubao, akashika shoka, akasahihishwa, akarudia. Daktari naye hupasua mbele ya madaktari wenzake. Mwalimu peke yake ndiye anayeingia katika chumba chake, akafunga mlango, na kufanya kazi miaka 30 bila mwenzake kumwona akifundisha, ila siku ya mkaguzi tu; na siku hiyo huwa ni siku ya hofu, si ya kujifunza. Kazi inayofanywa gizani itapataje kuendelea? Mwalimu hodari akistaafu, hodari wake huondoka naye, na kijana anayemrithi huanza upya kana kwamba hapakuwa na mtu kabla yake.

Wajapani waliliona jambo hili zamani. Wana desturi waiitayo jugyo kenkyu, yaani kulichunguza somo. Walimu wachache huketi pamoja na kuchagua jambo moja linalowatatiza wanafunzi, kwa mfano eneo la pembetatu. Huandaa somo moja kwa siku nyingi, wakakisia kila jibu ambalo mtoto aweza kulitoa, la haki na la makosa. Kisha mmoja wao hulifundisha somo hilo, na wenzake husimama pembeni wakiwatazama wanafunzi wanavyofikiri, wala si kumtafutia mwenzao makosa. Baada ya somo huketi tena, huulizana ni wapi wanafunzi walipokwama na kwa nini, hulitengeneza somo, na pengine mwalimu mwingine hulifundisha katika darasa jingine. Huo ni utafiti wa kweli kweli, ijapokuwa watafiti wake hawavai majoho ya chuo kikuu.

Matunda yake yamekwisha kuonekana. Katika uchunguzi mkubwa wa miaka ya 1990, masomo 231 ya hesabu ya darasa la nane yalipigwa picha za video katika Ujerumani, Japani na Marekani. Katika Marekani mwalimu aghalabu alionyesha kanuni kwanza, kisha wanafunzi wakairudia katika hesabu nyingi zinazofanana. Katika Japani aghalabu mambo yaligeuka. Mwalimu alitoa swali moja gumu kidogo, wanafunzi wakalihangaikia wenyewe, naye akapita kimya baina ya madawati akitazama njia zao. Kisha akawaita wachache waziandike njia hizo ubaoni, na darasa zima likazipima, ipi ni fupi, ipi ni wazi, na ipi imepotea wapi. Kanuni ikaja mwisho, kama mgeni aliyengojewa, si kama askari aliyevunja mlango.

Labda utasema kwamba hayo ni mambo ya Wajapani na sisi ni Waafrika. Lakini mbegu hiyo imekwisha kupandwa hapa. Katika mwaka 1998 Kenya na Japani zilianza mradi wa kuimarisha hesabu na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE, kwanza katika wilaya 9, baadaye katika nchi nzima. Walimu waliambiwa wamweke mwanafunzi mbele, wampe kazi ya kutenda, na wabuni vifaa kwa vitu vilivyo karibu nao. Waliambiwa pia wafuate hatua 4: panga, tenda, tazama, boresha. Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kituo cha CEMASTEA, kilichoko Karen, Nairobi, na walimu wa nchi nyingine za Afrika wakaja Kenya kujifunza. Basi hatuwezi kudai kwamba hatukuambiwa. Tuliambiwa, tena sisi tukawaambia wengine. Lakini semina ya siku chache katika likizo haiwezi kushinda mazoea ya mwaka mzima. Mwalimu hurudi shuleni, hukuta mlango wake, huufunga, na mambo huwa kama yalivyokuwa. Hatua ya kwanza na ya pili hufanywa na kila mwalimu. Hatua ya tatu, kutazama, na ya nne, kuboresha, haziwezekani ikiwa hakuna jicho la pili darasani.

Historia inatupa onyo lingine. Katika mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hesabu mpya kwa ajili ya shule za Afrika. Vitabu hivyo havikuwa vya kijinga. Viliandikwa na watu wenye elimu kubwa, na nia yao ilikuwa hiyo hiyo ya kuleta maana mahali pa kukariri. Lakini walimu wengi walipewa lugha mpya ya hesabu bila kupewa muda wa kuijua, na wazazi hawakuweza hata kusoma madaftari ya watoto wao. Kenya ikaiacha hesabu hiyo mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu kilibadilika, mwalimu akaachwa alipokuwa. Na kitabu bila mwalimu ni mashua bila nahodha. Leo tena tumebadilisha mtaala. Tusiporuhusu walimu kuchunguza masomo yao pamoja, tutabadilisha jalada tu, na wajukuu wetu watabadilisha tena.

Sasa nawageukia wapinzani wangu, kwa kuwa si haki kumpiga mtu asiyepewa nafasi ya kujibu. Wa kwanza husema: "Darasa langu lina wanafunzi 60, na mitihani iko mlangoni. Nitapata wapi muda wa kufikiri?" Ninakubali kwamba darasa la 60 ni mzigo mzito, na wenye kuwajibika kuupunguza wasitoroke kwa sababu ya insha hii. Lakini yako mambo yasiyogharimu hata senti moja. Mary Budd Rowe wa Marekani aligundua, katika uchunguzi wake wa miaka ya 1970, kwamba mwalimu akiuliza swali hungoja kwa kadiri ya sekunde 1 tu kabla ya kumwita mwingine au kujibu mwenyewe. Alipowashauri walimu wangoje sekunde 3, majibu ya wanafunzi yakawa marefu na yenye sababu, na watoto waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Sekunde 2 za ziada! Ni shule gani iliyo maskini hata ikakosa sekunde 2?

Mpinzani wa pili husema: "Hesabu ni mazoezi. Wape wanafunzi hesabu 50 za namna moja, wazirudie mpaka ziingie damuni." Mtu huyu amekamata nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mzima. Mazoezi ni lazima. Asiyejua mara za kuzidisha kwa moyo atakwama kila hatua, nami sitamtetea mvivu. Lakini mazoezi nayo yamechunguzwa. Katika mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walitoa habari za wanafunzi wa chuo waliofundishwa kutafuta ujazo wa maumbo 4. Kundi moja lilifanya hesabu za umbo moja mpaka zikaisha, kisha la pili, na kuendelea. Kundi lingine lilipewa hesabu zilizochanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata 89 katika 100, na la pili 60 tu. Mwalimu yeyote angesifu la kwanza. Baada ya wiki moja wakapewa mtihani. Kundi la kwanza lilipata 20, na lile la kuchanganya likapata 63. Kwa nini? Kwa sababu hesabu zikifanana, mwanafunzi hafikirii ni kanuni ipi inayofaa. Mkono huenda wenyewe kama punda ajuaye njia ya kisimani. Zikichanganywa, analazimika kuchagua, na kuchagua ndiko kunakofundisha. Tazama basi jinsi macho yanavyoweza kudanganya! Somo lililoonekana jepesi na zuri ndilo lililosahaulika, na lililoonekana gumu ndilo lililobaki. Kwa sababu hiyo twahitaji utafiti, maana mazoea peke yake hayawezi kutuonyesha jambo kama hilo.

Mpinzani wa tatu hasemi kwa sauti, lakini moyoni anaamini kwamba dawa ya hesabu ni hofu. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalikaza katazo hilo. Lakini fimbo ya ulimi ingali ikitembea. "Wewe ni bure," "wewe ni wa kuosha vyombo," "hata ndugu zako hawakuweza." Mwalimu asemaye hivyo hajui kwamba kosa la mwanafunzi ni barua aliyotumiwa yeye. Mtoto aandikapo kwamba nusu na thuluthi zikijumlishwa ni mbili kwa tano, hakusema upuuzi. Amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba nusu na thuluthi ni vipande visivyolingana. Hebu apime mwenyewe: mbili kwa tano ni ndogo kuliko nusu. Inawezekanaje kuongeza kitu juu ya nusu, kisha upate pungufu ya nusu? Swali hilo moja humfundisha zaidi ya matusi mia. Mwalimu stadi huisoma barua, akaijibu. Mwalimu wa hofu huichana, akampiga tarishi.

Wala sitaki ufikiri kwamba nawadharau walimu. Nami ni mwalimu, na heshima ya kazi hii naijua. Ninachodai ni kwamba kazi hii itendewe kama kazi ya wataalamu. Katika kila juma walimu wa hesabu wa shule moja wapewe saa moja ya kuketi pamoja, iandikwe katika ratiba kama somo lolote, isiibwe na mikutano. Katika kila muhula kila mmoja wao afundishe somo moja mbele ya wenzake, bila alama na bila ripoti ya kumwadhibu. Masomo yaliyofaa yaandikwe na kuhifadhiwa, ili mwalimu kijana aje akute ghala, asikute jangwa. Vyuo vya walimu navyo visimtoe kijana anayeweza kulipata jawabu tu. Vimtoe anayeweza kulieleza kwa njia tatu, na kukisia makosa matatu yatakayozaliwa. Hayo hayahitaji mkopo kutoka ng'ambo. Yanahitaji milango ya madarasa ifunguliwe.

Na wewe mwanafunzi, usikae kando ukitazama vita hivi kama mtu atazamaye mpira. Wewe ndiwe mwenye mali inayopiganiwa. Tangu leo acha kusema kwamba huna kichwa cha hesabu. Sema kwamba hujaambiwa sababu, kisha uitafute. Kuuliza si ujinga. Mwalimu akikuambia kwamba hasi kwa hasi huzaa chanya, muulize kwa adabu, "Kwa nini?" Na kama muda hautoshi, keti na mwenzako, mwandike hivi: 3 mara hasi 2 ni hasi 6, 2 mara hasi 2 ni hasi 4, 1 mara hasi 2 ni hasi 2, 0 mara hasi 2 ni 0. Kila hatua jawabu limepanda kwa 2. Teremka hatua moja zaidi: hasi 1 mara hasi 2 itakuwa nini? Ikiwa mpango huo hauvunjiki, lazima iwe chanya 2. Hukupewa kanuni hiyo; umeikamata mwenyewe mkononi, na kitu ulichokikamata mwenyewe hakuna mtihani utakaokunyang'anya.

Zichanganye hesabu zako unapofanya mazoezi, hata kama utakosea zaidi mwanzoni. Ukimaliza hesabu, usiifunge; jiulize kama jawabu lina maana, kama mwenye duka angelikubali. Mweleze mwenzako njia yako, na ukishindwa kumweleza, ujue kwamba hujaielewa bado. Na mwenzako akikosea, usimcheke, maana anayechekwa leo atanyamaza kesho, na darasa la watu walionyamaza halijifunzi.

Iko siku baadhi yenu mtakuwa walimu, wengine mtakuwa wazazi, na wengine mtakalia viti vya wakubwa wenye kupanga mambo ya nchi. Atakuja mtoto mbele yenu, daftari mkononi, machozi machoni, akisema kwamba hesabu si yake. Msimpe urithi mliopewa nyinyi. Daraja tutakazojenga, dawa tutakazopima, kodi tutakazotoza na kura tutakazohesabu, zote zinamngojea mtoto huyo ajue kufikiri kwa namba, asije akadanganywa na kila ajuaye kuzipanga. Taifa linalowaachia wachache hesabu zake limewaachia wachache funguo za nyumba yake. Basi hesabu ni mali yetu sote. Na mali ya wote ikizuiliwa, wenyewe huidai.